Randa ya Mikono Miwili

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama masikio bado yamegoma kazi, basi angalau macho hayajajiunga na mgomo. Sisi tupo. Watoto wanakwenda shule. Mkubwa amenipita kimo na anaona hiyo ni sababu tosha ya kutonisikiliza. Baba yao bado yuko na lori lake, anarudi mara moja kwa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Cherehani yangu iko palepale barazani, na msimu huu ni sare za shule tu, kola na kola. Mama yupo.

Nina swali la upande wako. Utacheka, mimi mtu wa sindano na uzi nimetaka kushika mbao. Nina mteja, mama mtu mzima, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya kisukari. Hospitali walimpa magongo ya chuma. Mpira wa gongo moja umelika, linateleza kwenye sakafu ya saruji, na sehemu ya juu inamtafuna kwapa mpaka pametoka vidonda. Seremala wa mtaani kwetu alimpigia misumari mbao mbili za pembe nne. Mama huyo akazitazama, akasema yeye hatembei na fremu ya mlango.

Sasa kwenye duka moja la vyombo vya zamani nimeona kile kidude ulichokuwa nacho, kirandaranda chenye mabawa. Viko viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha mti. Nichukue kipi? Nataka kipande cha kwapani kiwe cha mviringo, mtu akiegemea asikisikie. Halafu kuna jambo, bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kwa hiyo magongo hayawezi kulingana.

Usiseme utatengeneza wewe unitumie. Mteja hataki cha kuagiza. Anataka mkono wangu.

Mpwa wako,
Kijiti


21 Februari

Kijiti,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, maana wewe ndiye mtu pekee anayejua kwamba simu kwangu ni tochi tu, hata herufi zake sizioni. Mashine ya kupasua mbao ilichukua masikio yangu na haina mpango wa kuyarudisha. Mke wa jirani bado ananiletea chai na kunipigia kelele, kana kwamba uziwi ni usingizi. Natengeneza viti vya shule vilivyovunjika. Watoto wa siku hizi wana makalio ya chuma.

Kidude ulichokiona ni randa ya mikono miwili. Randa ya kawaida ni ya mbao iliyonyooka. Hii ni ya vitu vilivyopinda, mpini wa shoka, mguu wa kiti, kitu chochote ambacho mkono wa mtu utakilalia. Chukua ya chuma. Ile ya mti ni tamu zaidi mkononi, lakini tumbo lake huliwa upesi na kuirekebisha kunataka mtu aliyekwisha kuharibu tatu au nne.

Kabla hujalipa, igeuze uone tumbo. Tumbo bapa ni la kuzungusha nje. Tumbo la duara ni la kuingia kwenye bonde. Kama ni moja tu, chukua bapa, mabonde utayamaliza kwa tupa. Tazama mahali mabawa yanapoungana na mwili, ndipo chuma cha kumimina hupasukia, na wauzaji hupaka rangi juu ya ufa. Tazama kama ina skrubu mbili za kushusha na kupandisha kisu. Zikiwepo, shukuru. Zisipokuwepo utakuwa unagongagonga kwa nyundo na kuomba. Mwisho toa kisu, kitazame kwenye mwanga. Kutu ya juu si neno, kutu iliyochimba karibu na makali ni msiba.

Mbao usinunue iliyopasuliwa kwa msumeno. Tafuta gogo la mkaratusi, ulipasue kwa shoka, lifuate nyuzi lenyewe. Msumeno hukata nyuzi, na gongo linabeba mtu.

Hilo bega. Kama limeshuka vidole viwili, gongo la kushoto lifupishe vidole viwili. Fupisha juu, usikate chini. Chini ya kipande cha kwapani, upande wa mbele, chimba kibonde kidogo cha kulaza kidole gumba wakati wa kuinuka kitini. Magongo yangu yote yana hicho kibonde. Watu husema tu kwamba hayatelezi, hawajui kwa nini.

Mwambie mteja wako asisimame muda mrefu.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua, sare hazikauki, na mtoto wa pili amechaguliwa kuongoza ngoma za shule, maana yake mimi nimepata kushona sketi kumi na nane bure. Baba yao alikuja, akalala, akaondoka.

Nilinunua ya chuma. Tumbo bapa, skrubu mbili, sikuona ufa. Na nimeshindwa. Inaruka, mjomba. Naisukuma inaruka kama gari kwenye makorongo, inaacha ngazi juu ya mti. Nikiikaza zaidi inang'oa vipande. Gongo la kwanza nililitengeneza kwa mbao ya dukani kwa sababu shoka liliniogopesha. Nililijaribu mwenyewe kabla ya kumpa, nikaliegemea, likakatika chini ya mkono na kuniangusha kwenye lundo la kola. Nilikaa pale sakafuni nikiwaza kwamba angeweza kuwa yeye.

Bega nimelipima. Ni vidole viwili kamili. Sijui umejuaje.

Kijiti


2 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Usione haya kwa lile lililokatika. Limekatika chini yako, wewe una miguu yote.

Randa inayoruka ina magonjwa matatu. Kisu butu, kisu kilichotoka nje sana, au kisu kisichokaa imara kitandani mwake. Anza na unoaji. Kile kisu ni kifupi, vidole havikishiki vizuri juu ya jiwe, na ukilazimisha utanoa kucha. Chukua kibao, kikate mwanya kwa msumeno, chomeka kisu humo, sasa una mpini. Noa upande wa mteremko, ule ulioinama kuelekea makali, mpaka upate ukingo unaokwaruza kidole upande wa pili, kisha geuza, kilaze bapa kabisa, pitisha mara mbili tatu. Jaribu kwenye nywele za mkono. Zisipoondoka, rudi kwenye jiwe.

Ukikirudisha, mteremko uwe chini. Kishushe mpaka usione kitu, halafu skrubu moja tu iongeze kidogo. Kisu kikae mshazari, kulia kitokeze zaidi, kushoto kidogo. Hapo una randa mbili ndani ya moja, ukitaka kula sana unahama kulia, ukitaka kulainisha unahama kushoto.

Vidole gumba viwe nyuma ya kisu, si kwenye ncha za mabawa. Lalia tumbo la mbele kwanza, bila kukata, kisha inamisha polepole mpaka kisu kianze kuuma mti. Na usisukume kupanda mlima. Kila mahali palipopinda pana kilele na bonde. Teremka kutoka kilele hadi bondeni, simama, zunguka upande wa pili, teremka tena. Ukipanda, nyuzi zinafunguka na kisu kinaingia chini yake. Zamani nilikuwa nasikia, randa ikienda vizuri inanong'ona na ikienda vibaya inakohoa. Sasa naijua kwa viwiko.

Nakutumia yangu. Ina miaka thelathini, mabawa yake yameshachongwa na viganja. Nimeipakia leo kwenye basi. Usiniandikie kunishukuru.

Huyo mteja anakula? Kidonda kimefunga?

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kilikaa wiki tatu kwenye ofisi ya mabasi. Wino wa jina langu ulilowa, karani akakiweka rafu ya juu kusubiri mwenyewe ajitambulishe. Nilimwelezea kilichomo, akakitikisa sikioni akasema hicho ni kipuri cha baiskeli.

Niliipenda randa yako tangu siku ya kwanza. Nilipasua gogo kwa shoka, jirani mwalimu akinishikia na kufumba macho. Nikanoa. Nikateremka, nikasimama, nikazunguka. Siku ya tatu yakaanza kutoka maranda marefu, membamba kama utepe wa pindo, na nikajikuta nimeacha sare za watu siku mbili nzima. Magongo yakaisha. Ni mazuri, mjomba. Nasema mwenyewe.

Sasa nikuambie. Hakuna mteja. Mteja ni mama.

Aliniapisha nisikwambie kuhusu mguu. Nilitii kwa maneno, nikadhani kwa mikono nina nafasi. Nilimpelekea asubuhi, yuko ukingoni mwa kitanda. Alilipokea la kushoto, akalipima kwa jicho, akatabasamu, na mama yangu hajatabasamu tangu mwezi wa kumi na moja. Akaliweka kwapani. Akainuka. Kisha kidole gumba chake kikaingia kwenye kile kibonde.

Akakaa chini.

"Nani kakufundisha kuweka hiki?"

"Nimebuni tu."

"Wewe hata kitufe hubuni, unafuata kielelezo. Nani?"

Nikaanza kukunja shuka.

"Alitengeneza fimbo ya mama yangu hivihivi," akasema. "Mama akaishika mpaka akafa, na aliyeitengeneza hakuwepo. Yarudishe ulikoyatoa."

Yako nyuma ya mlango. Hayagusi. Anatumia yale ya chuma. Jumanne aliteleza karibu na ndoo, akajikwaruza kisigino cha mguu uliobaki. Kidogo tu, anasema.

Nisamehe kwa uongo.

Kijiti


20 Mei

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Hukunidanganya. Nilijua tangu barua ya kwanza, uliposema bega.

Alikuwa na miaka tisa, mimi minne, ananibeba mgongoni kushuka ngazi za nyumba tuliyopanga. Akateleza. Mtu akianguka na mzigo mgongoni huanguka kinyumenyume, ndivyo mwili unavyotaka. Yeye alijitupa mbele ili asinilalie. Akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Hakuna aliyempeleka popote, ukaunga wenyewe ulivyotaka, na tangu siku hiyo kila gauni lake linaning'inia upande. Ningekosaje kujua vidole viwili?

Nikakaa kimya kwa sababu nilipata nafasi ya kumfanyia kitu. Nilijua akisikia jina langu atakataa, basi nikaona nipitie kwenye mikono yako. Na kile kibonde ndicho kimenisaliti. Ningeweza kukuambia usikiweke. Niliwaza hivyo kabisa, kalamu iko mkononi, nikaona hapana, gongo lisilo na kibonde ni nusu gongo. Ufundi wangu umenikosesha mara ya pili.

Ya kwanza unaijua kwa upande wake. Upande wangu ni mfupi. Aliniletea ujumbe mara tatu kwamba mama yetu anaondoka. Nilikuwa na viti arobaini vya ukumbi, vimebaki sita. Ujumbe wa kwanza nilisema dada anapenda kutia chumvi. Wa pili nilisema nimalize sita. Wa tatu niliufungua nikiwa natia gundi, na gundi ikishapakwa haisubiri. Nilifika siku ya nne baada ya maziko, nikiwa na vumbi la mbao kichwani. Alinifungulia, akaniambia, "Umemaliza viti?" Akafunga. Miaka kumi na moja sasa. Chelewa chelewa, wanasema, utamkuta mwana si wako. Mimi nilimkuta mama si wangu.

Nataka kuja. Muulize.

Kisigino hicho usikidharau. Mpeleke leo.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu. Sina habari nyingine za nyumbani, nyumba nzima imekuwa kitanda kimoja.

Nilimsomea barua yako yote, neno kwa neno. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ngazi na mtulinga alikuwa anatazama mikono yake. Nilipomaliza akasema, "Umemaliza? Nipe maji." Kesho yake nikamuuliza kuhusu wewe kuja. Akasema usije, na ukija nisikuonyeshe chumba.

Kisigino nilikipeleka siku ileile niliyopata barua yako. Walisema tungekuja wiki mbili kabla. Nyama ilikwisha kuwa nyeusi kwa ndani. Tarehe sita wameukata mguu huo, juu ya goti.

Magongo nimeyapandisha juu ya kabati. Nilitaka kuyachoma nikashindwa. Muuguzi mmoja aliyaona siku alipokuja kufunga kidonda, akauliza nani fundi. Mama akajibu kabla yangu: "Hatumjui."

Usije, mjomba. Nakuomba mimi, si yeye.

Kijiti


14 Julai

Kijiti,

Nimerudi nyumbani jana kutoka kwenu, mgongo umekufa, siku mbili za basi si mchezo kwa mzee. Najua umenikasirikia kwa kuja bila ruhusa. Nilijiambia kwamba mara ile nilikosea kwa kungoja, basi mara hii nikosee kwa kuwahi.

Nimekuwa nikiirudia siku ile njia nzima. Ulinifungulia. Nilikuwa na mkoba wa vyombo, nilikusudia kumtengenezea mhimili juu ya kitanda ajivute mwenyewe, na kupunguza kizingiti ili kiti cha magurudumu kipite. Nilipima mlango wa mbele, nikapima wa chumba chake. Wa chumba ulikuwa wazi. Nikainua macho kutoka kwenye futi ya kupimia, naye ananitazama.

Amekuwa mdogo sana. Nilitafuta uso wa dada yangu nikaukuta, lakini ilinibidi kuutafuta.

Nilisimama kizingitini kama nguzo, futi mkononi. Kisha midomo yake ikaenda. Si neno moja, ilikuwa sentensi nzima, labda mbili. Akamaliza, akaendelea kunitazama kama mtu anayengoja. Mimi nikakutazama wewe. Wewe ukatazama chini. Nikakuuliza kasema nini, ukachukua daftari lako la vipimo ukaandika: Amechoka. Nilipogeuka tena alikuwa ameelekea ukutani.

Kijiti, midomo ya "nimechoka" naijua. Haikuwa hiyo. Alisema nini?

Mhimili nilioufunga akiwa bado ameelekea ukutani, hakikisha skrubu hazilegei.

Mjomba wako


12 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na mazoea yananiambia nianze na watoto. Watoto wazima.

Mama alifariki tarehe ishirini na tisa Julai, saa nne asubuhi. Homa ilimpanda siku tatu, kidonda kilikwisha kuoza, dawa zikawa kama maji. Tulimzika kesho yake. Baba watoto aliacha lori njiani akawahi. Wewe hukuitwa kwa sababu mama aliniapisha, siku ya pili ya homa, akiwa na akili zake zote. Alinishika mkono akasema, "Asiambiwe mpaka nizikwe. Safari hii asichelewe kwa viti, achelewe kwa amri yangu." Nilimbembeleza. Nikamwambia hilo ni zito. Akasema anajua uzito wake.

Ningeweza kuvunja kiapo. Barua isingefika, lakini ningeweza kumpa dereva wa basi ujumbe. Nilifika mpaka ofisini kwao. Nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika nikamwambia karani nimesahau nilichokuja kufanya.

Mhimili wako aliutumia. Hakusema lolote juu yake, lakini aliutumia, kila asubuhi, mpaka homa.

Nichukie ukitaka.

Kijiti


30 Agosti

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Sikuchukii. Ulikuwa na mama mmoja na kiapo kimoja. Mimi nilikuwa na mama mmoja na viti sita, tazama nilichochagua. Huna deni kwangu.

Jeneza alitengeneza nani? Seremala wa fremu za mlango? Usinijibu.

Sifanyi kazi siku hizi. Viti vya shule vimejaa uani, mvua inavinyeshea, mwalimu mkuu alikuja juzi akafungua mdomo sana kisha akaondoka. Nakaa. Nikikaa naiona ile midomo. Nimejaribu kuisoma, nimeweka kioo mbele yangu nikasema kila nililostahili kuambiwa. Toka. Mlaaniwa. Umemaliza viti. Hakuna linalolingana. Ilikuwa ndefu kuliko hayo, na mwishoni pembe ya mdomo ilipanda kidogo. Au ndivyo ninavyotaka kukumbuka.

Nakuuliza mara ya mwisho, sitakuuliza tena. Kama ni laana, ni yangu, mimi ndiye niliyetumiwa. Usinitunzie kitu changu.

Mjomba wako


25 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Ulikuwa umesimama na ile futi. Mama alikutazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya hospitali:

"Fundi wa jeneza kaja kupima mapema. Mwambieni asipoteze mbao, mimi nimepungua."

Ndivyo alivyosema. Halafu akangoja.

Mimi nililisikia kama kisu. Niliona mzee amesafiri siku mbili, anapokewa na neno la jeneza, nikasema hili halifiki kwake, litakufa na mimi. Ndiyo maana nikaandika nilichoandika. Nilidhani nakukinga.

Ni baada ya kumzika, nafua shuka zake, ndipo nilipokumbuka namna mlivyokuwa mkizungumza nilipokuwa mdogo. Ulikuwa unaingia na vumbi lako, anasema, "Funika maji, msumeno umekuja." Wewe unamwambia kichwa chake kina kifundo, hakipigiki randa. Bibi anawaambia mnyamaze, hamnyamazi. Mimi nimekaa chini ya meza nacheka bila kuelewa. Hakuwahi kumtania mtu asiyempenda, mjomba. Watu asiowapenda aliwaita bwana na bibi.

Sasa sijui. Labda ilikuwa matusi kweli, maana baada ya hapo aliniapisha lile la kuapisha. Au labda aliniapisha kwa sababu alikurushia neno baada ya miaka kumi na moja, na wewe ukasimama kama ukuta, hukucheka, hukumrudishia. Alijua huna masikio, lakini mgonjwa husahau. Alikutazama, mjomba. Nilimwona, alikutazama muda mrefu kabla ya kugeuka. Ningesema tu. Ningeliandika kwenye daftari, ni mstari mmoja, nina mwandiko wa haraka.

Hakuna siku nisiyoliandika sasa.

Kijiti


14 Oktoba

Kijiti,

Marahaba. Barua imefika.

Nilipolisoma nilicheka. Lilinitoka lenyewe, nimesimama palepale kwenye sanduku la posta, watu wakageuka. Ni yeye kabisa. Hakuna mwingine duniani angesema amepungua.

Usijibebeshe. Tulikuwa watatu chumbani, na aliyekuja kuomba radhi ni mimi, kisha nikasimama na futi bila kufungua mdomo. Sikuhitaji masikio kufungua mdomo.

Viti vya shule nimevirudisha vilevile, vimevunjika. Chumba cha kazi nimekifunga. Randa baki nayo, au mpe mtu. Kama unataka kujua ilikuwa matusi au utani, mimi pia sijui, na aliyejua tumemzika. Wewe umemzika.

Jambo moja tu linanishinda. Dada yangu alikuwa hakubali neno lake libaki bila kujibiwa. Ukinyamaza alikuwa anakufuata chumba hadi chumba mpaka umrudishie. Nimekaa wiki mbili natafuta ningemwambia nini pale mlangoni. Kitu kifupi, cha kumfanya asigeuke ukutani. Asubuhi naanza, mpaka jua linazama.

Sijakipata.

Mjomba wako